Kiinua Mgongo

Kwa Katibu wa Baraza. Hii ni barua ya tatu.
Ya kwanza hamkujibu. Ya pili mlijibu
kwamba ya kwanza haikufika.

Jina langu Harun Ambeyi, tarishi
wa korti ya wazee pale Butere, juu ya stesheni,
pale reli inapokata tamaa.
Nimepeleka samansi miaka ishirini na miwili,
Shianda, Lunza, Manyala, hadi mpakani Gem,
kwa baisikeli yenu nyeusi, namba saba,
mliyonikata mshaharani mpaka ikawa yangu
bila yeyote kuniambia ni siku gani.

Korti ilifungwa Jumanne.
Mzee Litondo alikuwa katikati ya kesi ya ndama.
Kijana akaingia na karatasi, akaisoma wima,
hakuvua kofia.
Mdai na mdaiwa wakatazamana,
wakatoka mlango mmoja, ndama nyuma yao,
na hadi leo sijui ni wa nani.

Wazee walipewa mkono na barua ya shukrani.
Karani Wesonga, anayejua Kiingereza cha mhuri,
akachukuliwa na hakimu mpya.
Mkalimani Oluoch, aliyekuwa akiyapooza matusi
yakivuka kutoka Kijaluo kuingia Kiluhya
ili watu wasipigane upya,
mkampa kazi ya kupima pamba.
Mimi mliniambia ningoje.

Mlisema kuna kiinua mgongo.
Nililipenda neno hilo. Nililala nalo.
Maana mgongo wangu umeshika umbo la usukani;
hata kanisani nasimama kama anayepanda
mlima wa kwenda Marenyo wakati wa masika,
samansi ndani ya shati zisilowe,
mimi nikilowa.

Kisha mkasema: leta ushahidi wa miaka.
Nikaenda stoo. Mchwa walikuwa wamekula
tangu arobaini na sita hadi hamsini na nane.
Kitabu cha mahari kipo, kila ng'ombe na rangi yake.
Kitabu cha faini kipo, hata senti hamsini za Rispa
aliyemwita shemejiye fisi.
Kitabu chetu sisi tuliofanya kazi
ndicho kilichokuwa kitamu.

Mkahesabu miaka tisa.
Hiyo kumi na mitatu, nani alikuwa akibisha hodi?
Mbwa wa kwa Okwemba alimng'ata nani?
Kovu ninalo, naweza kulileta ofisini.
Mchwa hawali mguu.

Msidhani nimekaa bure.
Nachukua omena Yala, nafunga gunia
nyuma ya namba saba, nauza njia zile zile.
Lakini nikipiga kengele watu wanaingia kwenye mahindi.
Wanaijua.
Mwanamume mzima, baba wa watoto sita,
aliruka ua akaacha kiatu.
Mjane mmoja alinijia akilia: shamba ni lake,
mashahidi anao, wawili wako hai.
Nikamwambia, mama, ni samaki.
Hakuamini mpaka aliponusa.

Alinunua vikombe viwili. Kisha akauliza,
kama korti haipo, ile kesi yake iko wapi?
Nikakosa la kusema, mimi niliyeipeleka.
Na yangu je? Leo ni zamu yangu kudai,
na mtu wa kuwaletea samansi, Katibu,
alikuwa ni mimi.

Basi nimeing'oa kengele.
Sasa napita nikiita kwa mdomo, kama jogoo mzee,
na biashara si mbaya.
Kengele imo ndani ya kifurushi hiki,
imefungwa kwa kitambaa cha mke wangu; kitambaa mkirudishe.
Ni mali ya korti. Sitaki kuambiwa niliiba.
Ikifika, niandikieni stakabadhi yenye tarehe,
na nakala yenu muiweke juu,
mbali na ukuta.